Hiba, Azima na Amana: Jinsi Makumbusho Yanavyookoa Kompyuta za Zamani

0. Utangulizi

Historia ya kompyuta ni fupi, na hata hivyo mashahidi wake wamepotea kwa haraka ya kushangaza. Mashine za Colossus, ambazo Waingereza walizitumia kuanzia mwaka wa 1944 pale Bletchley Park kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani, zilikuwa kumi vita vilipokwisha. Nane zilivunjwa mara moja, mbili zikabaki hadi mnamo mwaka wa 1960, na michoro yake ikatiwa moto kwa amri. EDSAC ya Chuo Kikuu cha Cambridge, iliyofanya hesabu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949, ilizimwa mwaka wa 1958 na kukatwa vipande, kwa kuwa mdogo wake, EDSAC 2, alikwisha kushika kazi. Colossus iliangamizwa na siri. EDSAC iliangamizwa na jambo la kawaida zaidi: mashine mpya ilikuwa imefika, na ya zamani haikuwa na wa kuitetea.

Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi makumbusho ya Ulaya na Marekani yalivyojifunza kuziokoa mashine za namna hiyo na kugawana zile zilizotolewa kwao kama hiba. Hoja yetu ni kwamba kompyuta ya zamani haiokolewi na makumbusho moja. Huokoka pale inapoweza kupita kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila kupoteza jina lake, hati zake na watu wanaoifahamu. Kwa sababu hiyo tutakaa zaidi kwenye mfano mmoja, ule wa mashine ya Harwell, kisha tutapita kwa upesi katika mingine.

Kwanza, neno moja juu ya istilahi, maana wasomaji wa jarida hili hawatatusamehe tukiliruka. Wengi kwetu husema «ordinatere», kutoka Kifaransa. Na neno lenyewe la Kifaransa lina tarehe ya kuzaliwa, kwani lilipendekezwa mwaka wa 1955 na Jacques Perret, mwanafilolojia wa Sorbonne, alipoombwa shauri na kampuni ya IBM. Afrika Mashariki ilipata kutumia «ngamizi», na wako wanaoshikilia «tarakilishi», neno linalobeba ndani yake tarakimu na akili. Sisi tutaandika «kompyuta» kwa kuwa ndilo linaloeleweka kila mahali. Lakini tunakiri kwamba kwa mashine tunayotaka kuieleza, iliyohesabu kwa tarakimu kumi kama mtu ahesabuvyo kwa vidole, neno tarakilishi lingefaa kuliko yote.

1. Mashine ya Harwell

Kituo cha utafiti wa nguvu za atomiki cha Harwell, huko Oxfordshire, kilianza kuisanifu mashine hiyo mwaka wa 1949. Wahandisi wake walikuwa Ted Cooke-Yarborough, Dick Barnes na Gurney Thomas. Shida iliyowasukuma ilikuwa ya wazi: hesabu za wanafizikia zilifanywa na vijana walioketi siku nzima mbele ya mashine ndogo za mkono, na vijana hao walichoka na kukosea. Wahandisi hawakutafuta kasi. Walitafuta mashine isiyochoka.

Ilianza kufanya kazi mwaka wa 1951. Kumbukumbu yake iliundwa kwa dekatroni, yaani taa ndogo za kioo zenye gesi ndani, ambamo nukta ya mwanga huruka kati ya nafasi kumi. Mtu aliyesimama mbele yake aliweza kuisoma namba kwa macho yake mwenyewe, jambo ambalo hakuna kompyuta ya leo inayoliruhusu. Ilikuwa na dekatroni 828, na swichi 480 zinazovutwa kwa sumaku, zile ambazo mafundi huziita rilei. Maagizo yake yalisomwa kutoka utepe wa karatasi uliotobolewa. Uzito wake ni tani 2.5. Kuzidisha namba mbili kuliichukua kati ya sekunde tano na kumi, yaani muda unaokaribiana na ule wa mhesabuji hodari mwenye mashine yake ya mkono. Inasimuliwa kwamba mmoja wa wahesabuji wa Harwell aliketi kushindana nayo. Akaenda nayo sambamba kwa muda wa nusu saa hivi, kisha akaondoka amechoka, nayo ikaendelea. Wakati wa sikukuu iliachwa ikihesabu peke yake kwa siku kadhaa hali watu wako nyumbani.

Kufikia mwaka wa 1957 Harwell ilikuwa na mashine za haraka zaidi. Hapa pangekuwa mwisho wa hadithi, kama ilivyokuwa mwaka mmoja baadaye kwa EDSAC. Lakini lilitendeka jambo la busara. Badala ya kuuzwa kama chuma chakavu, mashine iliwekwa kuwa zawadi ya shindano lililosimamiwa na Taasisi ya Hisabati ya Oxford: ingepewa chuo ambacho kingeleta hoja bora ya jinsi kitakavyoitumia. Chuo cha ufundi cha Wolverhampton na Staffordshire ndicho kilichoshinda. Huko ikapewa jina jipya, WITCH, lililotungwa kwa herufi za kwanza za maneno yanayoeleza kuwa ni chombo cha Wolverhampton cha kufundishia ukokotoaji, kilichotoka Harwell. Kwa Kiingereza neno hilo maana yake ni mchawi wa kike. Kwa msomaji wa Kiafrika ni jina zito kumpa mwalimu. Waingereza, inaonekana, walilicheka tu.

WITCH ilifundisha hadi mwaka wa 1973, na mwaka huohuo kitabu cha rekodi cha Guinness kikaitaja kuwa kompyuta iliyodumu kuliko zote duniani. Ndipo ikatolewa kwa makumbusho ya sayansi na viwanda ya Birmingham, ikawekwa hadharani. Makumbusho hayo yalifungwa mwaka wa 1997. Mashine ikafunguliwa, ikapelekwa vipande vipande katika ghala la makusanyo la manispaa ya Birmingham, ikatoweka machoni pa watu.

Iliyoirudisha ni picha. Kevin Murrell, mmoja wa wadhamini wa Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta yaliyoko Bletchley Park, alikuwa ameiona mashine hiyo Birmingham alipokuwa kijana. Mwaka wa 2008, akitazama picha ya vifaa vilivyohifadhiwa ghalani, aliitambua sehemu ya ubao wake wa kuongozea. Mazungumzo yakafuata kati ya makumbusho hayo mawili, na mwezi wa Septemba 2009 mashine ikasafirishwa hadi Bletchley. Haikutolewa moja kwa moja wala haikuuzwa. Iliazimwa. Watu wa kujitolea, wakiongozwa na Delwyn Holroyd, waliifanyia kazi kwa miaka mitatu. Tarehe 20 Novemba 2012 iliwashwa mbele ya watu, na wawili wa wasanifu wake wa kwanza, Cooke-Yarborough na Barnes, walikuwako. Leo inahesabiwa kuwa kompyuta kongwe zaidi ya tarakimu ambayo ingali ikifanya kazi kwa vipande vyake vya asili.

Hadithi hii husimuliwa kwa kawaida kama hadithi ya jicho kali la mtu mmoja. Sisi twaona sifa inawastahili pia watunza ghala wa Birmingham, ambao hakuna anayewataja. Kwa miaka kumi na miwili walikaa na tani 2.5 za vyuma na nyaya ambazo hawakuwa na pa kuzionyesha wala fundi wa kuziwasha, na hawakuzitupa. Walizipiga picha, na vipande vikabaki pamoja. Bila ya kazi hiyo isiyo na makofi, jicho la Murrell lisingekuwa na cha kuona. Tena Birmingham ingaliweza kukataa kuiachia, kwa kuwa ilikuwa mali yake na hakuna sheria iliyoilazimisha. Iliona kwamba kuwa na mali ni jambo moja, na kuwa na uwezo wa kuihuisha ni jambo lingine. Azima ndiyo iliyoyaunganisha hayo mawili.

2. Kugawana kilichobaki

Si kila mashine iliyobaki nzima. ENIAC ya Philadelphia, iliyotangazwa kwa ulimwengu mwaka wa 1946, ilikuwa na kabati 40, taa za elektroniki zikaribiazo 18 000, na uzito wa takriban tani 30. Ilizimwa mwaka wa 1955. Hapakuwa na jumba ambalo lingeipokea yote, na hakuna aliyeomba kuipokea yote. Kabati zake zimetawanyika: nyingine ziko kwenye makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, nyingine katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilikozaliwa. Nne ziko katika Chuo Kikuu cha Michigan kwa sababu Arthur Burks, aliyekuwa mmoja wa waliosaidia kuiunda, aliziokoa zisiharibiwe. Hata Makumbusho ya Sayansi ya London yana kipande chake. Zile zionekanazo California, katika Makumbusho ya Historia ya Kompyuta, ziliazimwa kutoka Smithsonian.

Je, hii ni hasara au ni faida? Mtu aweza kusema kwamba mashine iliyogawanywa haitahesabu tena kamwe, na ni kweli. Lakini mwanafunzi wa Michigan na mwanafunzi wa California, kila mmoja hutazama kabati ya kweli yenye urefu wa kumshinda, na kuelewa kwa kutazama tu maana ya «kompyuta inayojaza ukumbi». Tungalikuwa tunachagua sisi, tungeiacha nzima. Lakini hakuna aliyeulizwa mwaka wa 1955, na makumbusho yamefanya lililo bora kwa kilichosalia.

Makumbusho hayo ya California nayo yametokana na uokoaji. Mnamo miaka ya 1970 Ken Olsen, mwanzilishi wa kampuni ya Digital, pamoja na Robert Everett, waliinusuru Whirlwind, kompyuta kubwa ya chuo cha MIT ambayo wote wawili walikuwa wameifanyia kazi ujanani. Vipande vyake vikawa kiini cha mkusanyiko uliofunguliwa mwaka wa 1979 katika jengo la kampuni ya Digital huko Marlborough, Massachusetts, chini ya uangalizi wa Gordon na Gwen Bell. Mkusanyiko ukahamia Boston mwaka wa 1984. Baadaye makumbusho ya Boston yalielekea zaidi kwenye maonyesho ya watoto, na mashine za kihistoria zikabaki kama wageni ndani ya nyumba yao. Kuanzia mwaka wa 1996 zilipelekwa California, na milango ya Boston ilipofungwa mwaka wa 1999, mkusanyiko ulikuwa umekwisha kupata mrithi. Jambo hili lastahili kuzingatiwa: taasisi ilikufa, lakini hiba zilizokabidhiwa kwake hazikuzikwa pamoja nayo.

Huko California kuna kompyuta mbili za IBM za aina ya 1401, mashine iliyotangazwa mwaka wa 1959 na kusambaa duniani kwa maelfu. Moja ilitoka Hamm, Ujerumani. Ya pili ilitoka Darien, Connecticut. Waliozifufua ni wahandisi wastaafu, baadhi yao wakiwa wale wale waliozitengeneza makazini miaka arobaini kabla. Ile ya Ujerumani iliwaletea swali ambalo halimo katika kitabu chochote cha historia, kwa kuwa iliundwa kwa umeme wa Ulaya wenye mizunguko 50 kwa sekunde, hali umeme wa Marekani una 60. Kuna na kichekesho kidogo: namba ya jumba la makumbusho katika barabara yake ni 1401, nayo ilikuwako kabla ya mashine kufika.

3. Mafundi, michoro na hatari ya kuwasha

Kompyuta ya zamani haifanani na kinyago wala chungu, ambavyo hukamilika vinapowekwa mbele ya macho. Ikizimwa, sehemu kubwa ya maana yake huzimika nayo. Kwa hiyo makumbusho hayaazimani vyuma tu. Huazimana pia watu na karatasi.

Uingereza ililitambua hilo mapema. Mwaka wa 1989 kilianzishwa chama kiitwacho Computer Conservation Society, kwa ushirikiano wa chama cha wanakompyuta wa Uingereza na Makumbusho ya Sayansi ya London. Waliokiongoza mwanzoni ni Doron Swade na Tony Sale. Chama hicho hakina jumba lake. Hukusanya watu wenye ujuzi, wengi wao wastaafu, na kuwatuma kule mashine iliko, iwe London, Manchester au Bletchley. Hivyo ndivyo mashine ya Birmingham ilivyofufuliwa mahali pasipo Birmingham, na watu ambao wengi wao hawakuwa waajiriwa wa makumbusho yoyote. Tony Sale mwenyewe alitumia miaka mingi kuiunda upya Colossus, akitegemea picha chache na vipande vya michoro ambavyo wahandisi wa zamani walikuwa wamevihifadhi kinyume cha amri. Twaomba msomaji asione haya kuwashukuru wavunja-sheria hao.

Karatasi zina bahati zao pia. Watu wa Bletchley walipoanza kuijenga upya EDSAC, walilazimika kubuni sehemu nyingi kwa kukisia. Mwaka wa 2014 wakaletewa michoro 19 ya asili, iliyokuwa imetunzwa nyumbani na mhandisi mstaafu aliyeikuta karibu kutupwa. Mwaka uliofuata kikatangazwa kipande cha EDSAC yenyewe, kilichokuwa kimevuka bahari na kukaa kwa miaka mingi Pennsylvania; mwenye nacho alikitoa kwa makumbusho. Mwaka wa 2016 watu hao hao walinunua kwa paundi zipatazo kumi taipu ya Kijerumani ya wakati wa vita iliyokuwa imelala sakafuni mwa kibanda huko Essex, wakaiweka pamoja na mashine ya siri ya Lorenz waliyoazimwa na makumbusho ya jeshi ya Norwe. Nusu moja ilitoka Oslo, nusu nyingine kibandani.

Lakini kuwasha kuna bei. Kapasita iliyolala miaka thelathini hupasuka ikipewa umeme wote kwa mara moja. Fundi hana budi kuupandisha kidogo kidogo, kwa saa nyingi. Kila taa inayobadilishwa ni ushahidi unaoondolewa, na wako wahifadhi wasemao kwamba mashine iliyotengenezwa sana si hati tena bali ni tafsiri. Kwa miaka mingi kompyuta ya Pegasus ya miaka ya 1950 iliwashwa mbele ya wageni katika Makumbusho ya Sayansi ya London, hadi ilipopata hitilafu kubwa ya umeme mwaka wa 2009. Mwaka wa 2014 makumbusho yakaamua kuistaafisha. Hatuoni kwamba Bletchley walikosea kuwasha wala kwamba London walikosea kuzima. Palipo na makumbusho zaidi ya moja, hukumu mbili zinaweza kuishi bega kwa bega, na hiyo nayo ni faida ya kushirikiana.

4. Hiba isiyo na mrithi

Kinyume cha Boston kilionekana Seattle. Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, alifungua huko mwaka wa 2012 makumbusho ya kompyuta hai, ambamo mgeni aliruhusiwa kuketi na kuandika kwenye mashine za miaka ya 1960 na 1970. Kwa yeyote apendaye historia hii, hapakuwa na mahali pazuri zaidi. Mashine nyingi zilinunuliwa kwa fedha zake. Nyingine zilikuwa hiba za watu. Allen alifariki mwaka wa 2018. Milango ilifungwa mwanzoni mwa mwaka wa 2020, wakati wa maradhi ya Covid-19, na haikufunguliwa tena. Mwaka wa 2024 wasimamizi wa mirathi walitangaza kwamba makumbusho yamekwisha, na sehemu ya mkusanyiko ikanadiwa na Christie's.

Sheria haikuvunjwa. Mali ilikuwa ya mtu, na mtu alikuwa ameacha maagizo kwamba mali yake iuzwe kwa ajili ya misaada. Ila mtu aliyebeba mashine ya baba yake hadi mlangoni hakufikiri kwamba anaitoa kwa mirathi. Alifikiri anaitoa kwa umma. Kiswahili kingemsaidia hapo, maana lugha yetu hutenganisha vizuri hiba, ambayo mpokeaji huifanya apendavyo, na amana, ambayo mpokeaji huishika kwa niaba ya mwingine. Mtoaji alitia amana. Aliyepokea alipokea hiba. Na hati iliyotiwa sahihi haikusema lipi kati ya hayo mawili.

Kanuni za maadili za chama cha makumbusho cha Uingereza zina utaratibu kuhusu jambo hili. Makumbusho yanayotaka kuachana na kitu hutakiwa kwanza kuyapa nafasi makumbusho mengine ya umma, kwa kutoa au kuhamisha, kabla ya kufikiria soko. Kanuni si sheria, na haimfungi tajiri mwenye ghala lake binafsi. Lakini ndiyo iwezeshayo mashine kutoka jumba linalofungwa hadi jumba linalofunguliwa bila kupita mnadani. Kwa makumbusho madogo ina manufaa ya kila siku pia. Mtu akileta mashine ambayo tayari wanazo mbili, badala ya kumfukuza au kujaza ghala, humwelekeza kwa wenzao wasio nayo. Na mtoaji mwerevu siku hizi huuliza maswali matatu kabla ya kutia sahihi: nani atakuwa mwenye mali, itakwenda wapi makumbusho yakifungwa, na vitabu vya mashine vitasafiri nayo au vitabaki.

Swali hilo la tatu huonekana dogo, nalo ndilo linalosahauliwa zaidi. Watu hutoa kompyuta na kubaki na sanduku la karatasi kwa kudhani kuwa ni takataka, kisha warithi wao hulichoma. Ndiyo maana makumbusho yanayoijua kazi hii, yakipigiwa simu kuhusu mashine iliyokaa katika orofa ya chini ya kiwanda au chuo, huuliza kwanza kama michoro ingaliko, kabla ya kuuliza kama inawaka.